Hadhara Isiyoonekana si Hadhara
Hotuba kwa viongozi wa walei, Hedaru



Tume yetu ya Haki na Amani imependa tutafakari pamoja jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana liko mbali na Hedaru. Jambo lenyewe ni hili: Serikali inapoitisha vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi juu ya nishati ya nyuklia, je, kamera za habari za televisheni ziruhusiwe kuingia na kuonyesha yanayosemwa humo? Tunaomba tulitazame suala hili kwa utulivu, bila jazba na bila woga. Hatukuja hapa kutetea nishati ya nyuklia wala kuipinga. Tumekuja kuuliza nani ana haki ya kuona na kusikia kabla uamuzi haujafanywa.

1. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Nchi yetu ina madini ya urani, ambayo ndiyo mafuta ya vinu vya nyuklia. Hazina inayojulikana zaidi iko Mkuju, wilaya ya Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliridhia mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe, ili eneo la mgodi litoke katika eneo la urithi. Tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani. Tena, viongozi wetu wamekuwa wakieleza nia ya kuitumia nishati ya nyuklia kuzalisha umeme hapa nchini.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia katika mjadala huu. Shirika lao la nishati ya nyuklia, NuPEA, lililipendekeza eneo la Uyombo, katika kaunti ya Kilifi, kwa ajili ya kinu cha megawati 1,000. Uyombo iko pwani, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke na hifadhi ya bahari ya Watamu, na wavuvi wa huko huishi kwa bahari hiyo. Wakazi wengi walikataa, na lalamiko lao mojawapo kubwa lilikuwa kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi Mei 2024 waliandamana, na polisi wakawatawanya kwa nguvu. Baadaye mipango ilielekezwa upande wa Ziwa Viktoria, katika kaunti ya Siaya.

Huenda mtu akasema: Namtumbo ni mbali, Kilifi ni nchi nyingine, sisi wa Upare yatuhusu nini? Tuhesabu kidogo. Umeme wa mto wetu wa Pangani hutoka katika vituo vya Nyumba ya Mungu chenye megawati 8, Hale chenye megawati 21, na New Pangani chenye megawati 68. Jumla ni megawati 97. Kinu kimoja cha megawati 1,000 ni zaidi ya mara kumi ya vituo vyote hivyo pamoja. Faida yake basi si ndogo, na ingefika katika taa za nyumba zetu. Lakini mzigo wake nao si mdogo. Plutoni iliyomo katika mabaki ya mafuta ya kinu huchukua miaka ipatayo 24,000 ili nguvu ya mionzi yake ipungue kwa nusu. Tangu alipozaliwa Bwana wetu Yesu Kristo haijapita hata sehemu ya kumi ya muda huo. Anayeamua juu ya kitu cha namna hiyo anawaamulia pia watoto ambao mababu zao bado hawajazaliwa. Deni na gharama za ujenzi nazo hulipwa na taifa zima, akiwemo mkulima wa mahindi wa Hedaru na mfugaji wa tambarare ya Mkomazi.

2. Kikao cha hadhara ni nini

Katiba yetu, katika ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na haki ya kupewa taarifa juu ya matukio na masuala muhimu kwa maisha ya wananchi na ya jamii. Ibara ya 21 inampa raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu yeye, maisha yake au taifa lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla ya miradi mikubwa, na wananchi washirikishwe.

Kikao cha hadhara kina kazi tatu. Kwanza, wananchi waelezwe mradi ni nini. Pili, wao waseme wanayoyajua na wanayoyahofia. Tatu, wajibiwe. Lakini ukumbi wowote una idadi ya viti. Kikao kikifanyika Dodoma, mama wa Hedaru mwenye watoto wadogo na shamba la kupalilia hawezi kusafiri hadi huko, na hata akisafiri huenda asipate nafasi. Je, kwa kuwa hakufika, haki yake imekwisha? Hapana. Kiti chake ni kamera. Kamera ya habari inapowekwa ukumbini, wale wasiofika wanapata mahali pa kukaa. Inapoondolewa, kikao kilichoitwa cha hadhara kinakuwa kikao cha wachache waliopata nauli.

Wazee wetu walilielewa jambo hili kabla televisheni haijafika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Serikali ya kikoloni iliwaletea Wapare kodi iliyopangwa kwa madaraja, ikaitwa mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same bomani kuikataa, na hawakuwa na silaha. Mwanahistoria wetu, Profesa Isaria Kimambo, ameandika kitabu juu ya harakati hiyo. Hatimaye kodi ile iliondolewa. Nguvu yao ilikuwa nini? Waliweka suala lao mahali ambapo kila mtu aliweza kuliona. Lililokadiriwa mezani na wachache liliulizwa uwanjani mbele ya wote.

Maandiko Matakatifu nayo yanatuonya kwamba si kila mkutano wa watu ni wa haki. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, Nabothi alikataa kumpa mfalme Ahabu shamba la mizabibu la babu zake. Ikaitishwa hadhara kamili, Nabothi akaketishwa mbele ya watu, mashahidi wa uongo wakasimama, na hukumu ikatolewa. Taratibu zote za nje zilifuatwa: watu waliitwa, mashahidi walisikilizwa. Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kupangwa kwa barua zilizoandikwa kwa siri na kutiwa muhuri wa mfalme. Ndiyo maana haitoshi kuuliza kama kikao kilifanyika. Lazima tuulize pia kama watu wengine wangeweza kukiona na kukipima.

3. Mafunzo kutoka nchi nyingine

Tarehe 26 Aprili 1986, usiku, kinu cha nyuklia cha Chernobyl, katika Ukraine ya siku zile za Muungano wa Kisovyeti, kililipuka. Mji wa Pripyat, wenye watu wapatao 49,000, ulikuwa karibu kabisa, na watu wake walianza kuhamishwa mchana wa siku ya pili. Televisheni ya Moscow ilitoa tangazo fupi usiku wa tarehe 28 Aprili, baada ya wafanyakazi wa kituo cha Forsmark, huko Sweden, kugundua mionzi isiyotoka kwao. Yaani watu wa nchi ya mbali walianza kuuliza maswali kabla wenye nchi hawajaambiwa. Tarehe 1 Mei watu waliandamana katika mji wa Kyiv kusherehekea sikukuu ya wafanyakazi, na watoto wakiwemo, bila kuelezwa ukubwa wa hatari. Vyombo vya habari vilikuwepo, kamera zilikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kusema ukweli.

Sasa tutazame Japani. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na mawimbi ya bahari viliharibu kituo cha Fukushima Daiichi. Bunge la nchi hiyo liliunda kamati huru ya uchunguzi chini ya Profesa Kiyoshi Kurokawa. Vikao vya kamati hiyo vilifanyika kwa uwazi na kuonyeshwa kwa umma, na wakubwa wa Serikali na wa kampuni ya umeme waliulizwa maswali huku wananchi wakiwatazama. Mwezi Julai 2012 kamati ilitoa taarifa yake, ikasema wazi kwamba maafa yale, ingawa yalianzishwa na nguvu za maumbile, yalisababishwa na wanadamu, kwa kuwa wasimamizi na wasimamiwa walikuwa wamezoeana mno.

Japani ilifungua milango baada ya maafa. Busara yatuelekeza kuifungua kabla.

4. Hapa nyumbani

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzo wa miaka ya 1970, lakini huku Bara vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Hata hivyo, wananchi walizoea upesi kuwatazama wawakilishi wao wakijadiliana Bungeni.

Mwezi Januari 2016 Serikali ilitangaza Bungeni kwamba Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, litaacha kuonyesha moja kwa moja vikao vyote vya Bunge. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama, iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na ikaelezwa kwamba sehemu za mijadala zitarekodiwa na kuonyeshwa usiku. Wabunge wa upinzani walipinga vikali, na polisi wakaingia ukumbini kuwatoa. Hatulitaji tukio hilo ili kufufua ugomvi wa vyama. Tunalitaja kwa sababu lina funzo kwa suala letu. Mjadala ukirekodiwa na kukatwa, anayeshika mkasi ndiye anayeamua taifa lione nini. Hata akiwa mtu mwema, ni mtu mmoja.

Mwaka 2023 tukajifunza jambo la pili, ambalo ni muda. Wadau waliitwa Dodoma kutoa maoni juu ya mkataba wa bandari tarehe 6 Juni, na tarehe 10 Juni Bunge likauridhia. Maaskofu wetu walitoa tamko mwezi Agosti mwaka huo wakiomba sauti ya watu isikilizwe. Kama kwa bandari siku chache zilizua maswali mengi kiasi hicho, itakuwaje kwa kinu ambacho mabaki yake yatawarithi wajukuu wa wajukuu?

Majirani zetu wa Kenya wameweka kanuni nzuri katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 118. Bunge lifanye kazi zake kwa uwazi, vikao vyake na vya kamati zake viwe wazi, wala lisiwafukuze wananchi au chombo chochote cha habari, isipokuwa Spika aone kuna sababu za kipekee zenye haki. Kanuni hiyo inaufanya uwazi kuwa desturi, na kufunga mlango kuwe jambo la pekee linalohitaji kuelezwa. Kwetu sisi mara nyingi mawazo huenda kinyume: aliye nje ndiye anayetakiwa aeleze kwa nini anataka kuingia.

5. Hoja za kufunga mlango

Haki inatutaka tuzisikilize pia hoja za wanaosita. Tunaziona nne.

Ya kwanza ni usalama. Mambo kama njia za kusafirisha madini yenye mionzi, au mpangilio wa ulinzi, hayafai kutangazwa kwa kila mtu. Ni kweli. Lakini ulinzi wa ghala si sawa na swali la maji ya mto yatakavyokuwa, au nani atalipa fidia, au mabaki yatazikwa wapi. Sehemu ya siri na itengwe na itajwe sababu yake, na sehemu iliyobaki ibaki wazi.

Ya pili ni gharama. Kamera zina gharama, hatukatai. Basi vituo binafsi na vya dini viruhusiwe kuingia na vifaa vyao. Pasipo fedha ya kuonyesha siku nzima, kikao kirekodiwe chote na nakala itunzwe mahali ambapo raia anaweza kuipata.

Ya tatu ni kwamba mbele ya kamera watu hujionyesha. Hilo hutokea. Lakini kamera hiyohiyo humfichua anayejionyesha. Mtaalamu anayesoma takwimu bila kuzielewa, na mwanasiasa anayepiga kelele bila hoja, wote wawili huonekana.

Ya nne, ambayo husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba mambo ya nyuklia ni ya wataalamu na mwananchi wa kijijini hawezi kuyaelewa. Hoja hii turuhusiwe kuikataa. Kitabu cha Nehemia kinasimulia, katika sura ya 8, jinsi Ezra alivyoisoma Torati uwanjani mbele ya wanaume na wanawake, na Walawi wakaifafanua mpaka watu wakaelewa. Watu wasipoelewa, dawa ni kufafanua, tena kwa Kiswahili. Mkulima hahitaji digrii ya fizikia ili aulize maji ya kupoza kinu yatatoka wapi katika nchi yenye ukame. Sisi wa Upare, tuliorithi ndiva na utaratibu wa kugawana maji yake kwa zamu mbele ya wote, tunalijua swali hilo vizuri sana.

6. Mafundisho ya Kanisa

Mama Kanisa hajanyamaza juu ya haya. Mwaka 1963 Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake wa Pacem in Terris, aliihesabu haki ya kupata habari za kweli juu ya mambo ya umma miongoni mwa haki za kila mtu. Mwaka huohuo Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Inter Mirifica, walifundisha kwamba jamii ina haki ya kupewa habari, kwa namna ya ukweli na ya upendo. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba tathmini za mazingira zifanywe kwa uwazi na pasipo shinikizo la kiuchumi au kisiasa, na kwamba wakazi wa mahali wawe na nafasi ya pekee katika mazungumzo.

Msingi wa mafundisho hayo ni Bwana wetu mwenyewe. Alipohojiwa na Kuhani Mkuu, alijibu kwamba alikuwa amesema waziwazi mbele ya ulimwengu wala hakufundisha lolote kwa siri. Anayemfuata Kristo haogopi kufanya kazi ya watu mbele ya watu.

7. Tufanye nini

Wapendwa, mafundisho yasiyoshuka mikononi hubaki maneno. Tunapendekeza haya manne.

(a) Tangazo la kikao cha kusikiliza maoni juu ya mradi wowote mkubwa linapotolewa, viongozi wa walei waulize kwa barua, kwa heshima na kwa maandishi: Kikao ni lini na wapi? Taarifa ya mradi inapatikana kwa Kiswahili? Waandishi wa habari na kamera zao wataruhusiwa? Kumbukumbu zitatunzwa wapi? Barua yenye maswali manne hujenga zaidi kuliko manung'uniko ya mwaka mzima.

(b) Kikao kikionyeshwa, tukitazame pamoja. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Desemba 2012, televisheni inahitaji kisimbuzi, na si kila nyumba inacho. Ukumbi wa parokia unaweza kuwa nyumba ya wote. Akae mmoja anayeandika, na baada ya kutazama tujadiliane. Pasipo picha, redio nayo ni jirani mwema.

(c) Tusisambaze kwa simu vipande vifupi vilivyokatwa kutoka katika mazungumzo marefu mpaka tujue kilichotangulia na kilichofuata. Mkasi wa raia mwongo haukati tofauti na mkasi wa mtawala.

(d) Tuanze kwetu. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae walau kila miezi mitatu. Tuhudhurie na kudai mapato na matumizi yasomwe. Vivyo hivyo katika parokia na vigango, hesabu zisomwe waziwazi. Hatuwezi kuiomba Dodoma ifungue dirisha huku la kwetu tumelipigilia misumari.

Uamuzi juu ya nyuklia ukifanywa mbele ya macho ya taifa, waweza bado kuwa na makosa, kwa kuwa wanadamu hukosea. Lakini kosa lililoonekana na wengi hupata wengi wa kulisahihisha, na kosa lililofichwa hurithiwa. Watoto watakaorithi mabaki hayo hawawezi kuingia katika ukumbi wowote leo. Sisi ndio macho yao. Tuombe, na tudai kwa upole na kwa uthabiti, kwamba macho hayo yasizibwe.

Mwenyezi Mungu awabariki, na Bikira Maria, Malkia wa Amani, atuombee.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni uamuzi gani uliofanywa tukausikia baada ya kukamilika? Tungepaswa kuulizwa wakati gani?

2. Tusome Wafalme wa Kwanza 21:1–16. Ni nini kilichoifanya hadhara ile iwe ya uongo ingawa watu wote walikuwepo?

3. Ni mambo gani ambayo Serikali yaweza kuyaficha kwa haki, na ni yapi haina haki ya kuyaficha?

4. Nani katika Jumuiya yetu atakayeandika barua, na lini?